“Manesi Wamejaa Mtaani, Upungufu Uko Wapi?”

Kila dirisha la maombi ya vyuo linapofunguliwa, sisi wakufunzi wa uuguzi hapa Dodoma tunaulizwa na wazazi swali lile lile. “Mwalimu, huyu akimaliza ataajiriwa na nani? Manesi si wamejaa mtaani?”

Swali lina uzito. Wapo vijana wenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga wanaokaanga chipsi. Lakini anayedhani hiyo ni dalili kwamba wauguzi wametosha amekosea hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitaja kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na Tanzania iko mbali nacho. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dodoma na watu zaidi ya milioni 3, wakati mwaka 2012 walikuwa milioni 2 na kidogo. Kwa kiwango hicho, mkoa huu peke yake unahitaji watumishi wa fani hizo karibu 13,700. Kizuizi ni fedha. Ikama ya zahanati, yaani idadi ya watumishi inaotakiwa kuwa nao, inaweza kuonyesha nafasi wazi, ila haijazwi mpaka kibali cha ajira kitoke na mshahara uingie kwenye bajeti. Mgonjwa anamngoja nesi, nesi anangoja kibali.

Wengine wana dawa yao: vyuo viongezwe. Hapo ndipo ninapobishana nao zaidi. Stashahada ni miaka 3, na sehemu kubwa ya mafunzo iko wodini na kliniki, siyo ubaoni. Chukua sindano ya oksitosini, ambayo mama huchomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa ili asitokwe na damu nyingi. Kuikariri ni kazi ya jioni moja. Kuzoea kupapasa tumbo kwanza, kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki, huku mtoto analia na mama anakuita, hilo linataka kurudiwa chini ya jicho la mkunga mzoefu. Wanafunzi kumi wakizunguka kitanda kimoja, wawili wanashika, wanane wanachungulia. (Nilikuwa mchunguliaji mzuri sana mwaka wangu wa kwanza.) Chuo kipya kisicho na wodi za kutosha kinaongeza wachunguliaji tu.

Halafu kuna lile la “uuguzi ni wa waliokosa udaktari”. Fani hii ina ngazi zake, kuanzia cheti, stashahada, shahada, ambayo hapa mjini inafundishwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hadi uzamili. Daktari anapita raundi. Anayebaki na mgonjwa zamu nzima ni muuguzi. Na usiku, kwenye zahanati ya kijijini huko Chemba au Bahi, mama mwenye uchungu anaweza asimkute daktari kabisa. Nenda pia Mirembe, hospitali ya afya ya akili, uone uuguzi wa afya ya akili unavyodai akili zako zote.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza kuhusu ajira, nami humrudishia swali: umeuliza chuo hicho kinapeleka wanafunzi hospitali gani, na mkufunzi anawafuata huko au anawaachia? Wengi hawajauliza, wameuliza ada.

Juzi baba mmoja alitaka kujua kama mwanawe wa kiume hatachekwa. Nikamwambia apite General, hospitali ya rufaa ya mkoa, asubuhi, zamu zinapobadilishana, ahesabu wanaume.