Kabla hujanawa na hiyo sabuni ya uso, geuza chupa usome nyuma

Wengi wanaokuja kliniki na uso uliobabuka hunitajia sabuni yao kwa rangi ya chupa, au kwa dada aliyewauzia. Maandishi madogo ya nyuma hawajayasoma, na siwalaumu, maana ni majina ya maabara matupu. Lakini kwa sisi wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, maandishi hayo yana uzito wa pekee. Ngozi yetu ikichokozwa hujibu kwa kutoa rangi zaidi, na mwasho wa siku chache unaweza kuacha doa la miezi. Mtu akiliona doa, anatafuta sabuni ya kuliondoa, kali kuliko ile ya kwanza, na doa linakolea. Sehemu kubwa ya kazi yangu inatokana na mzunguko huo.

Viambato hupangwa kuanzia kilichomo kwa wingi. Maji, yanayoandikwa Aqua, karibu kila mara ndiyo ya kwanza. Vile visivyofika asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote mwishoni. Basi ukiona mbele ya chupa picha kubwa ya papai au manjano, halafu nyuma jina lake limekaa mkiani pamoja na manukato, ujue kilichomo ni kidogo sana.

Majina mawili au matatu yanayofuata maji ndiyo ya kusoma kwa makini, kwa kuwa kwa kawaida ndiyo yanayosafisha. Molekuli ya kiambato cha kusafisha ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji, na hivyo jasho, vumbi na losheni ya jua huondoka unaposuuza. Shida ni kwamba molekuli hiyo haibagui. Huchukua mafuta ya uchafu pamoja na mafuta ambayo ngozi imejitengenezea kwa ulinzi wake. Sodium Lauryl Sulfate ni kali kiasi kwamba watafiti huitumia makusudi kuichokoza ngozi katika majaribio. Sodium Laureth Sulfate, ndugu yake, ni pole kidogo. Sodium Cocoyl Isethionate na zile zinazoishia na neno Glucoside ni pole zaidi, na ndizo ninazopendelea kwa mwenye ngozi kavu au pumu ya ngozi. Cocamidopropyl Betaine hutokana na mafuta ya nazi na wengi huivumilia vizuri, ila wapo inaowaletea mzio. Mwaka 2004 American Contact Dermatitis Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi, iliitangaza kuwa kizio cha mwaka, yaani kiletacho mzio. Kitu kutoka kwenye nazi si lazima kiwe salama kwa kila mtu.

Nasikia mara kwa mara: “Daktari, hii inasafisha kweli, uso unakaza.” Kukaza huko si usafi. Ni ngozi iliyonyang'anywa mafuta na maji yake. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ni kama 5, wakati sabuni ya mche huwa na pH ya 9 hadi 10. Ukiongeza maji ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wengi wa Dar es Salaam wanayajua, sabuni haisuuziki vizuri na mabaki yake yanabaki usoni. Kwa mtu wa namna hiyo, sabuni pole ya maji, kiganja na taulo laini vinatosha. Dodoki liachie miguu.

Sabuni za chunusi zina mambo yake. Asidi ya salisiliki, kwa kawaida asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka ndani ya mafuta na kuzibua vinyweleo. Mwenye mzio wa aspirini aniambie kwanza, maana dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja. Benzoili peroksaidi, asilimia 2.5 hadi 10, huua bakteria wa chunusi. Anza na 2.5, usiku mmoja na kuacha mmoja, na utumie foronya nyeupe kwa sababu huchujua rangi ya nguo. Kukauka na kuchonyota kidogo wiki za mwanzo ni jambo la kutarajiwa. Kinachoharibu ni kuchanganya: mtu ananawa na salisiliki asubuhi, benzoili jioni, katikati anasugua na skrabu ya chembechembe. Baada ya hapo yale madoa hayaepukiki. Asidi ya glaikoliki nayo huifanya ngozi iungue na jua upesi, kwa hiyo anayeitumia ajikinge na jua la mchana.

Manukato na vihifadhi, yaani vitu vya kuzuia bidhaa isiharibike, huleta mzio wa kweli, ambao ni tofauti na mwasho. Mwasho huanza mara moja, kwa kuchonyota. Mzio mara nyingi huchelewa siku moja hadi tatu, huwasha sana, na hupenda kope kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba. Usisubiri kuona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe hujionyesha kwa rangi ya zambarau, kijivu au weusi uliozidi. Kihifadhi ninachokikagua kwanza ni Methylisothiazolinone. Umoja wa Ulaya umekizuia kisizidi asilimia 0.0015 katika bidhaa za kusuuzwa.

Halafu kuna zebaki, na hapa naomba sana unisikilize. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la British Medical Journal kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki haiko kwenye krimu peke yake. Imo pia katika baadhi ya sabuni za kung'arisha, ambazo wakati mwingine huuzwa kama sabuni za kuua vijidudu. Tafuta maneno mercury, Hg, mercuric iodide, calomel. Onyo la kutogusisha bidhaa na dhahabu, fedha au vito pia ni ishara yake. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025, lakini makubaliano hayazuii kipande kimoja kisiwekwe kwenye meza ya barabarani. Sabuni isiyo na orodha ya viambato kabisa usiinunue. Sumu hiyo huhamia kwa mtoto unayembeba na kwa mnayechangia taulo.

Sabuni mpya ijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko: paka, subiri dakika 5, suuza, mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Ngozi ikikataa, acha, nawa kwa maji matupu na upake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Midomo au kope zikivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mengine yote njoo nayo kliniki taratibu, na chupa uje nayo, hata kama imeisha.