Anwani nyingi za barua pepe si wasomaji wengi

Wengi walioko Arusha na Moshi wanaowaandikia wageni wa utalii huamini kwamba ukinunua orodha ya maelfu ya anwani za barua pepe, umepata wasomaji. Inaeleweka, kwani idadi inaonekana mara moja. Lakini asiyeomba barua yako huiripoti kuwa taka, na ripoti zikizidi, hata barua unayomtumia mgeni aliyejiandikisha mwenyewe akitaka habari za Kilimanjaro huweza kutupwa kwenye folda ya taka. Hiyo ndiyo hasara inayouma zaidi. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu anwani hizo pia.

Jipime kwa wanaojibu na wanaobofya viungo. Hesabu ya “waliofungua” isikutoshe: hutegemea kupakuliwa kwa picha iliyofichwa ndani ya barua, na baadhi ya programu huipakua zenyewe kabla mtu hajasoma.