Dhana potofu kuhusu italiki, kuanzia kadi za harusi za Mbeya

Msimu wa harusi ukifika, pita steshenari za Mwanjelwa uangalie kadi za mchango zinazotoka kwenye printa. Nyingi zimeandikwa kwa fonti moja, Monotype Corsiva. Huja na programu za Microsoft Office, na mteja akiiona husema, "Weka hiyo hiyo." Ni fonti nzuri. Tatizo ni mambo tunayoyaamini juu yake, na juu ya hati za mlazo kwa jumla, ambazo wengi tunaziita italiki.

"Italiki ni herufi ya kawaida iliyolazwa"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Italiki ilitoka kwenye kalamu. Wasomi na makarani wa Italia wa karne ya 15 walikuwa na mwandiko wa haraka, mwembamba, herufi zikikaribia kushikana. Mwaka 1501, mjini Venice, mchapaji Aldus Manutius alitoa kitabu kidogo cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilichopangwa kwa herufi za mwandiko huo, zilizochongwa na Francesco Griffo. Herufi kubwa za kitabu hicho zilisimama wima. Zilizolala ni ndogo peke yake. Wala Aldus hakuzikusudia ziwe za kusisitiza neno mojamoja. Hizo zilikuwa herufi za kitabu kizima, na mtindo wa kuzichanganya na herufi wima ulikuja kuzoeleka baadaye.

Ukitaka kuhakikisha, fungua Times New Roman uandike neno "kafara" mara mbili, wima kisha kwa italiki. Herufi a ya wima ina paa juu ya duara lake. Ya italiki haina. Herufi f ya italiki inashuka chini ya mstari. Maumbo yenyewe yamebadilika. Eric Gill wa Uingereza, alipochora fonti ya Joanna mwaka 1930, aliiinamisha italiki yake nyuzi 3 tu, na bado inatambulika kwa wembamba na maumbo yake. Sisi wa Kiswahili tunaliona hili kuliko wengi, kwa sababu a imejaa kila mstari wetu. Igeuze aya nzima iwe italiki, ukurasa unabadilika sura.

"Ukibonyeza I umepata italiki"

Inategemea fonti. Times New Roman ina mafaili manne: la wima, la herufi nzito, la italiki, na la italiki nzito. Ukibonyeza kitufe cha I kwenye programu ya kuandikia, kompyuta inachukua lile la italiki. Fonti nyingi za bure tunazopakua zina faili moja tu, hivyo programu inaisukuma herufi ya wima upande. Herufi a inabaki na paa lake, duara la o linapinda, na unene wa mistari unakaa pasipo pake. Mteja hatajua kasoro inaitwaje, lakini ataona kadi ya jirani imependeza kuliko yake.

"Corsiva inapendeza namna yoyote utakavyoiandika"

Patricia Saunders, aliyeichora kwa ajili ya kampuni ya fonti ya Monotype, alifuata mwandiko wa Italia wa aina ya Ludovico degli Arrighi, karani aliyenakili nyaraka za ofisi ya Papa huko Roma na kutoa kitabu cha kufundisha mwandiko miaka ya 1520. Kwa asili, basi, ni mwandiko wa ofisini! Kwa mwaliko inafaa sana. Ila herufi zake kubwa zina mikia ya mapambo, na kazi yake ni kuanzisha neno. Ukiandika MWALIKO WA HARUSI kwa herufi kubwa tupu, mikia inasongamana na msomaji anabaki kubahatisha. Andika "Mwaliko wa Harusi". Hili ningelibandika ukutani kwenye kila steshenari kuanzia Tunduma hadi Iringa.

"Italiki na herufi nzito ni kazi moja"

Hapana. Herufi nzito inaita jicho kutoka mbali. Italiki humsubiri msomaji afike kwenye sentensi.

"Italiki ni ya kusisitiza tu"

Wanafunzi wetu wa vyuo wanakosea sana hapa. Majina ya kisayansi huandikwa kwa italiki bila kusisitiza chochote. Kima wa Mlima Rungwe aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 anaitwa kipunji, wima; jina lake la kisayansi ni *Rungwecebus kipunji*, R kubwa, k ndogo, yote mawili kwa italiki. Misonobari ya Sao Hill ni *Pinus patula*, parachichi la Njombe ni *Persea americana*. Aya ikiwa tayari iko kwenye italiki, jina hilo ndilo linasimama wima.

"Ikisomeka kwenye skrini, itasomeka kwenye karatasi"

Herufi ndogo za Corsiva ni fupi. Ukubwa wa 12 wa Corsiva unaonekana mdogo kuliko 12 ya Times, kwa hiyo anzia 14. Mistari yake myembamba nayo hupotea kwenye fotokopi, hasa tona, yaani wino wa unga wa mashine, ikikaribia kuisha. Toa nakala ya nakala mteja akiwa bado amesimama hapo. Namba ya simu ya mweka hazina wa kamati isiposomeka vizuri, iandike kwa fonti ya wima, maana huko ndiko mchango unakotumwa.