Mlima ulioungua haujafa: tunayoyakosea tunapojitolea Kigoma

Ifikapo Agosti na Septemba, usiku ukitazama vilima vya Kigoma utaona mstari mwekundu ukipanda polepole. Asubuhi mlima ni mweusi. Hapo ndipo watu huanza kupigiana simu: jamani, twendeni tukapande miti. Nimeitika wito huo misimu kadhaa na nitaitika tena. Lakini yapo tunayoyaamini ambayo yanamaliza nguvu za watu wema bure.

"Mlima umekufa, tuanze upya kwa miche."

Hili ndilo kosa kubwa. Misitu mingi ya huku ni miombo, yaani misitu ya wazi yenye nyasi chini ya miti, na miti yake imezoeana na moto tangu zamani. Kinachoteketea zaidi ni cha juu. Piga magoti penye shina lililoungua, ukwangue gome kwa kisu pale linapoingia ardhini. Mara nyingi chini ya masizi utakuta ukijani wenye unyevu. Mti huo uko hai, na huenda ukachipua hata kabla ya mvua.

Mninga ndio unaonishangaza kuliko yote. Ukiwa mchanga, kishina chake hukauka kiangazi baada ya kiangazi, huku mzizi ukinenepa chini kwa miaka kadhaa, mpaka upate nguvu za kutoa shina la kusimama moja kwa moja. Kijiti unachokidharau kinaweza kuwa na mzizi wa umri wa mtoto wa shule. Tukifika na majembe kuchimba mashimo kila baada ya hatua tatu, mzizi huo ndio tunaoukata. Nimekata kadhaa kabla mzee mmoja mfuga nyuki hajanishika mkono.

Kazi yenyewe ni hii: kisiki kimoja kinaweza kutoa vichipukizi kumi na zaidi, vyote vikigombania maji yale yale. Acha viwili au vitatu vilivyonyooka, vingine viondoe kwa panga kali, kisha palilia nyasi kukizunguka. Wenzetu wa Dodoma wanaiita kazi hii kisiki hai. Hata mradi wa Tacare, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vya jirani na Hifadhi ya Gombe, ulianza na vitalu vya miche. Baadaye vijiji vilipanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao, na sehemu zilizoachwa zipumue zikarudi zenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu.

Miche ina mahali pake, pale visiki vilipong'olewa au shamba lilipolimwa miaka mingi hadi mizizi ikaisha.

"Majivu ni mbolea, moto unarutubisha."

Majivu yana madini, sikatai, na ndiyo maana nyasi huchipua haraka. Ila sehemu kubwa ya naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji sana, huondoka na moshi, na majivu yenyewe hukaa juu ya ardhi tupu. Milima yetu ni mikali. Mvua za kwanza zikianguka Oktoba au Novemba, majivu na udongo wa juu huteremka pamoja hadi ziwani. Simama kwenye mdomo wa kijito siku hiyo uone maji yalivyo mekundu. Tope hilo hufunika mawe ya ufukweni, na kwenye mawe hayo ndiko samaki wengi wa Ziwa Tanganyika hula na kuzaliana. Kwa hiyo mwenye nguvu chache azipeleke kwanza kwenye makorongo: magogo na matawi yaliyoungua yalazwe kukingama mteremko, yagusane na ardhi vizuri ili maji yasipite chini yake.

"Mti ni mti, leteni mikaratusi."

Mkaratusi unafaa kwenye shamba la kuni na nguzo. Kwenye chanzo cha maji, hapana. Unakunywa sana.

"Tumeshapanda, kazi imeisha."

Chipukizi la msimu mmoja liko kimo cha nyasi, na nyasi ndizo zinazowaka. Moto wa mwaka wa pili hulirudisha kwenye mzizi. Mwezi wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ndipo watu wanahitajika kusafisha barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuuzuia moto, na ndipo tunapokuwa wachache. Hakuna wa kupiga picha siku hiyo.

"Moto wowote ni adui."

Si hivyo. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi, ukirudiwa kila mwaka, huumaliza msitu wa miombo, ilhali wa mapema, nyasi zikiwa bado mbichi mbichi, msitu huustahimili. Hii si ruhusa ya kutembea na kiberiti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali, na kazi hiyo hupangwa na serikali ya kijiji pamoja na ofisa misitu, alfajiri, upepo ukiwa umelala, watu wakiwa na matawi mabichi mkononi.

Msimu uliopita tulifunga vipande vya kanga kuukuu kwenye visiki tulivyovipunguza, ili wachunga mbuzi wavione. Juni tunarudi kuvipalilia. Njoo na panga, jembe uliache nyumbani.