Herufi moja kati ya uovu na dhuluma

Mwaka wangu wa kwanza wa kufasiri hapa Kigoma nilikabidhiwa ripoti ya afya jioni, ikitakiwa kikaoni asubuhi. Nikakesha nayo. Kesho yake, nilipofika penye "maovu ya afya ya mama na mtoto", mzee mmoja mchungaji akavua miwani. "Mwanangu, hayo maovu wameyatenda akina mama au watoto?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ripoti ilisema "inequities", yaani tofauti zisizo za haki. Mimi nilisoma "iniquities", neno ambalo mzee yule alilijua vizuri kuliko mimi, maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa hilo. Katika Isaya 53:5 ndilo lililofasiriwa "alichubuliwa kwa maovu yetu". Kwa asili maneno haya ni ndugu: yote yanatokana na neno la Kilatini "aequus", yaani sawa, likatanguliwa na kikanushi. Ila moja lilielekea kanisani likawa dhambi, jingine likabaki kwenye mgawanyo wa mali na huduma.

Kosa hilo ni la aibu, lakini linaonekana upesi. Linalopita kimyakimya ni la kuchanganya "inequity" na "inequality", kwa kuwa kwenye tafsiri zetu yote mawili huandikwa "ukosefu wa usawa" na mambo yakaishia hapo.

Chukua wakulima wawili wa maharage wa Kasulu. Mmoja ana ekari 10, jirani yake 2. Magunia yao hayawezi kulingana. Hiyo ni "inequality", tofauti unayoweza kuihesabu bila kumlaumu mtu. Sasa barabara ya kijijini haipitiki masika. Mwenye ekari 10 ana trekta, anavuka tope na kuuza mjini kwa mizani. Mwenzake anangoja mlanguzi amfuate, na bei anapangiwa. Tofauti hii ingeweza kuondolewa na haijaondolewa: ndiyo "inequity". Mlanguzi akifika akadai lumbesa, gunia lenye kichuguu juu lakini bei ya gunia moja, hapo dhuluma ina mkono wa mtu. Kiingereza kitasema "injustice".

Kwenye afya, mpaka huu uliwekwa vizuri na Margaret Whitehead, mtaalamu wa afya ya jamii, katika maandishi yake ya mwaka 1990 kwa Shirika la Afya Duniani: tofauti isiyo ya lazima, inayoepukika, na isiyo ya haki. Mzee kuugua zaidi ya kijana hakuingii humo. Mama wa kijiji cha mwambao kinachofikiwa kwa boti tu, anayejifungua bila mkunga, anaingia.

Kwa hiyo mimi huandika "tofauti zisizo za haki". Ni ndefu, wahariri hunung'unika, nami siibadilishi. "Dhuluma" peke yake naiogopa kidogo, kwa sababu msikilizaji ataanza kumtafuta mdhulumu, na wakati mwingine mkosaji ni bajeti ya miaka mingi.

Ukiandika Kiingereza, sema "inequity in", wingi "inequities", na sifa yake "inequitable". Kompyuta haitakuokoa, kwani "inequity" na "iniquity" kwake zote ni tahajia sahihi. Mimi huitafuta herufi q, kisha natazama iliyo kushoto kwake.