Usihangaike na uongo, tafuta mkono unaousambaza

Watu wakisikia natumia akili mnemba kunasa vita vya fikra, yaani kampeni za siri za kuyumbisha mawazo ya watu mtandaoni, wanadhani nina mashine ukiipa posti inakwambia hii kweli hii uongo, hapana jamani, na hata ingekuwepo isingetosha manake habari ya kweli kabisa ukiisukuma kwa akaunti elfu moja usiku na mchana watu wataamka wanaona nchi yao imekwisha.

Mi naangalia nani anasambaza na kwa mtindo gani. Chukua Doppelganger, kampeni ya Urusi iliyofichuliwa 2022, walitengeneza kopi za tovuti za magazeti kama Der Spiegel la Ujerumani na Le Monde la Ufaransa, nembo ileile, mpangilio uleule, ila spiegel.de ikawa spiegel.ltd, sasa nani anakagua mwisho wa anwani akiwa kwenye simu? Walitaka Wajerumani na Wafaransa wachoke kuisaidia Ukraine. Septemba 2024 Marekani ikakamata anwani 32 za kampeni hiyo.

Hapo modeli, yaani programu ya akili mnemba, inasaidia hivi, kila posti inageuzwa kuwa namba, na posti zenye maana moja zinakaa karibu hata kama maneno yamebadilishwa au lugha ni tofauti, afu unaongeza muda: akaunti gani zinaposti ndani ya sekunde zilezile, zinalala saa zilezile, zilifunguliwa wiki moja. Ukichora mahusiano ya akaunti hizo unaona kabisa fungu limejikusanya pembeni. Ila dalili moja haitoshi, mashabiki wa mpira nao siku ya dabi wanaposti hivohivo, kwa hiyo lazima mtu akae asome kabla ya kumtuhumu yeyote.

Na kukinga kunaanza mapema. Mwanzoni mwa Machi 2022 Ukraine iliwaonya raia wake kwamba itakuja video feki ya rais wao Zelensky akisalimu amri kwa Urusi, tarehe 16 ikatoka kweli, haikufika mbali, watu walishaandaliwa.

Kinachoniuma ni Kiswahili chetu. Modeli nyingi zimelishwa Kiingereza, ukizipa Kiswahili cha mtandaoni, Sheng humo humo, vifupisho humo humo, zinapotea, na wachochezi wetu wanaongea kwa mafumbo. Kenya mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki kuelekea uchaguzi, yamo madoadoa, kwekwe (magugu), mende. Mkenya aliyepitia vurugu za uchaguzi wa 2007 akisikia "tuondoe madoadoa" anajua ni jirani yake anaambiwa ahame, modeli inaona ushauri wa kufua nguo! Basi posti mia za kundi moja zinatawanywa kwenye mafungu ya usafi na kilimo, mtandao wote wa wachochezi unapita bila kunaswa.

Ndo maana sasa hivi jioni zangu zinaishia kwenye kukusanya sentensi, za uchochezi na za kawaida pia, manake nisipoiwekea modeli ng'ombe wa madoadoa kibao, kesho itamfungia akaunti mfugaji anayeuza ndama wake.