Debian ina wenyewe, tena wana katiba

Fundi wa Mwanjelwa akikuwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, kwenye laptop, hukosi mtu wa kusema: "Hiyo ya bure haina mwenyewe, kila mtu anaichokonoa atakavyo." Si kweli.

Chukua Debian, moja ya aina za Linux, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Yeyote, hata wewe wa Uyole, unaweza kuinakili na kuibadili nakala yako. Kupakia kitu kwenye hazina rasmi ya programu za Debian ndiyo shughuli nyingine; hapo wanaingia waliopewa idhini tu.

Tangu 1998 wana katiba. Kila mwaka wasanidi, yaani watengenezaji wa Debian, humchagua kiongozi, na hawaweki tiki kwa jina moja: huwapanga wagombea kwa namba, na katikati yao kuna chaguo la "hakuna kati ya hawa". Anayeshindwa na chaguo hilo nje! (Ingetufaa huku, lakini tuyaache.) Kiongozi mwenyewe hana rungu. Hawezi kumlazimisha mtu kazi, na wasanidi wanaweza kuutengua uamuzi wake kwa kura.

Mizozo ya kiufundi ina kamati yake. Mwaka 2014 iliamua Debian itumie programu ya systemd kuwashia mfumo; waliokasirika wakachukua nakala, wakaanzisha Devuan, Debian isiyo na systemd. Hakuna aliyewazuia, leseni inaruhusu.